Mkandarasi na Boma Lake la Kwanza: Namna ya Kuanza Kuwekeza katika Nyumba za Kupangisha

Mkandarasi aliyejenga nyumba za watu kwa miaka kumi hujiona ana nusu ya biashara ya nyumba mkononi. Ana mafundi anaowaamini, anajua bei ya nondo ya milimita 12 kabla hajafika dukani, na muuza vifaa humtolea saruji kwa mkopo akipiga simu tu. Anachodhani kimemkosa ni kiwanja na fedha. Nilikuwa mmoja wa watu hao jijini Dar es Salaam, na nyumba yangu ya kwanza ya kupangisha niliijenga kwa kiburi hicho: kiwanja nilikinunua kwa haraka, sakafuni niliweka marumaru zilizobaki kwenye saiti tatu tofauti, na ujira wa mafundi sikuuandika popote kwa kuwa walikuwa watu wangu. Nyumba ilisimama imara. Kwa nini hainilipi, hilo lilinichukua miaka kulielewa, na maelezo yafuatayo yametokana na kulielewa huko.

Ujuzi wa kujenga una thamani ndogo kwa mwekezaji kuliko tunavyopenda kuamini, kwa sababu mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara mwenye fedha naye ataajiri fundi mzuri na kupata nyumba nzuri. Kitu ambacho mkandarasi anacho na wenzake sokoni hawana ni jicho. Akisimama mbele ya nyumba isiyokwisha anaweza kusema imebakiza shilingi ngapi, ina ugonjwa gani, na ugonjwa huo unatibika au hautibiki. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba asitafute kiwanja kitupu, atafute boma, yaani nyumba iliyoachwa bila kumalizika.

Pembezoni mwa jiji, kuanzia Goba, Madale na Bunju hadi Kinyerezi, Chanika, Chamazi na Kigamboni, maboma ni mengi, kwa kuwa watu wengi hujenga kidogo kidogo kutokana na mshahara au faida ya duka. Mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ikifungwa ada za shule zinaingia, na kazi inasimama. Wengine huhamishwa kikazi, wengine huugua, wengine huachana, wengine hufariki. Mnunuzi wa kawaida huliogopa boma kwa sababu hajui limebakiza nini, na hofu hiyo hushusha bei chini ya thamani ya kiwanja pamoja na kazi iliyokwisha kufanyika. Pengo hilo ndilo faida ya mkandarasi, na hupatikana siku ya kununua kabla hata mfuko mmoja wa saruji haujafunguliwa.

Mifuko miwili isiyokutana

Kabla ya kwenda kuona boma lolote, fungua akaunti ya benki ya uwekezaji iliyo mbali na akaunti ya kazi za ukandarasi. Malipo ya awali ya mteja ni mali ya kazi ya mteja, na mkandarasi anayeyatumia kununua kiwanja chake akitegemea kuyarudisha hati ya malipo inayofuata, ile karatasi ya kumdai mteja kwa kazi iliyokwisha kufanyika, itakapolipwa, ameiweka kampuni yake rehani bila kuandika mkataba. Sote tunajua jinsi hati za malipo zinavyochelewa, hasa mteja anapokuwa taasisi ya umma. Nimeona kampuni yenye mafundi arobaini ikifunga ofisi huku mwenye kampuni akimiliki maboma mawili ambayo hakuna aliyetaka kuyanunua kwa haraka.

Fedha za kuanzia zinazofaa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni zile ambazo mteja huzishikilia hadi kipindi cha uangalizi wa kasoro kiishe. Kwa kawaida huwa asilimia 5 au 10 ya thamani ya kazi, na zinaporudi baada ya miezi sita au mwaka, kampuni imekwisha kujifunza kuishi bila ya kuzitegemea. Jiwekee utaratibu kwamba kila fedha ya namna hiyo, ikishalipa madeni ya kazi iliyoizaa, inakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya uwekezaji. Inaenda polepole, lakini hakuna mshahara wa fundi utakaokosa kulipwa kwa ajili yake.

Kuna pia suala la jina. Ukiiandikisha nyumba kwa jina la kampuni ya ukandarasi, basi siku kampuni itakaposhitakiwa kwa ajali, kwa kazi iliyoharibika au kwa deni la vifaa, nyumba hiyo itahesabiwa miongoni mwa mali zinazoweza kukamatwa. Muulize wakili kama inakufaa kuiandika kwa jina lako binafsi, kwa jina lako na la mwenza wako, au kwa kampuni nyingine isiyofanya ukandarasi. Swali hilo huulizwa kabla ya kununua, kwa sababu kubadilisha jina baadaye ni uhamisho wenye gharama zake.

Karatasi kabla ya tofali

Mkandarasi huchoshwa na karatasi. Amezoea kukuta kiwanja kimekwisha kununuliwa na mteja, na kama kina mgogoro ni mgogoro wa mteja. Katika uwekezaji mgogoro ni wako, na sehemu hii inadai uvumilivu kuliko zote.

Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mwananchi humiliki haki ya kuitumia kwa kipindi kilichotajwa, ambacho katika hati huwa miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo unaponunua boma unanunua haki hiyo pamoja na masharti yake, na swali la kwanza kwa muuzaji ni ana haki ya aina gani. Akiwa na hati miliki, chukua nakala yake, lakini usitosheke nayo. Nenda ofisi ya msajili wa hati ukafanye upekuzi rasmi, utakaokuonyesha jina la mmiliki, rehani ya benki kama ipo, na zuio kama kuna mtu ameliweka. Akiwa na ofa tu, yaani barua ya kumilikishwa inayotangulia hati, uliza kwa nini hati haikufuatiliwa na kama kodi ya pango la ardhi imelipwa miaka yote. Akiwa na leseni ya makazi, fahamu kwamba ni haki ya muda mfupi inayohitaji kuhuishwa. Na akiwa na karatasi ya mauziano iliyopigwa muhuri wa serikali ya mtaa peke yake, elewa kwamba muhuri ule unathibitisha kuwa watu fulani waliuziana mbele ya mashahidi, haumilikishi ardhi.

Sehemu kubwa ya maboma utakayoonyeshwa itakuwa katika kundi hili la mwisho, na sisemi uyakimbie yote. Katika maeneo mengi yaliyojengwa bila mpango kumefanyika miradi ya urasimishaji, ambako wakazi huchangia gharama za kupima na kupanga. Ukikuta mradi wa namna hiyo, omba kuuona mchoro wa mipango miji katika ofisi ya halmashauri na ulitafute boma lako ndani yake. Nimewahi kulikuta boma zuri, lenye lenta iliyonyooka kama rula, likiwa limelala nusu yake ndani ya barabara ya mita nane iliyochorwa kwenye mpango. Dalali alikuwa anajua. Muuzaji alikuwa anajua. Mimi ndiye niliyekuwa natarajiwa nisijue.

Vipimo viwili ukavipime mwenyewe kwa futi kamba kabla ya kumsumbua mtu yeyote. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Yapo maeneo ambako hifadhi ni pana zaidi ya hapo. Waliobomolewa mwaka 2017 kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kiluvya, walijifunza hilo baada ya kuezeka, na baadhi yao walikuwa na nyumba ambazo mkandarasi yeyote angejivunia kuzijenga. Alama ya X nyekundu haiangalii ubora wa zege.

Baada ya ardhi, mchunguze mtu anayeuza. Kama boma ni la marehemu, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama mtoto mkubwa ndiye anayeshika funguo na ndugu wote wanatikisa vichwa kukubali. Kama muuzaji ana ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza nyumba ya wanandoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Ridhaa hiyo iandikwe na kusainiwa mbele ya wakili, na mwenza mwenyewe awepo. Mimi huenda nyumbani kwao na kusalimia kwanza. Ukimkuta mke akiandaa chai huku hajui kwamba kuna kinachouzwa, umeokoa fedha nyingi kwa nauli ya daladala.

Majirani nao wana taarifa ambazo hakuna ofisi inazo. Siku moja nilikuwa nalikagua boma upande wa Bunju, jua linawaka, udongo umekauka, dalali ananisifia upepo. Nilivuka barabara kununua maandazi kwa mama mmoja mwenye kibanda, nikamuuliza kama anapafahamu pale.

“Unataka kupanunua, kaka?”

“Nafikiria, mama.”

Hakusema neno. Alinigeuza nikatazama nguzo ya kibanda chake, ambapo palikuwa na mstari wa tope juu kidogo ya goti langu. “Hiyo ya masika iliyopita,” akasema, kisha akanihesabia chenji.

Tangu siku hiyo sinunui boma ambalo sijaliona mvua ikinyesha, na kama masika ya Machi hadi Mei yamekwisha kupita, nasubiri vuli. Bei ikipotea kwa kusubiri, ipotee.

Kulisoma boma

Hapa ndipo unapokuwa nyumbani, na kwa sababu hiyo hiyo ndipo unapoweza kukagua kwa mazoea. Chukua daftari, nyundo, msumari, brashi ya waya, kipimo cha vernia cha kupimia unene wa nondo, na pima maji, kisha panga kukaa saa mbili bila dalali.

Anza na nondo zilizoachwa wazi juu ya nguzo na lenta. Boma lililokaa misimu sita ya mvua huwa na nondo zenye maganda ya kutu yanayong’oka kwa ukucha. Isugue moja kwa brashi hadi uuone ung’avu, kisha uipime: ile iliyonunuliwa kama milimita 12 ikisoma 10 au chini, kipande hicho hakifai kuunganishwa na utalazimika kubomoa zege hadi ufike penye nondo nzima. Hiyo ni gharama, si sababu ya kukimbia. Halafu gonga lenta kwa nyundo kila nusu mita na usikilize. Sauti iliyokufa ina maana ya zege lenye matundu ndani.

Tofali zichunguze kuanzia chini. Kozi tatu za kwanza juu ya msingi ndizo zilizonyeshewa na kurushiwa matope, na ndizo mwenye nyumba alizozinunua wakati bado ana haraka. Kwaruza kwa msumari. Tofali nzuri itabaki na mchoro mwembamba. Mbovu itamwaga mchanga kama sukari. Karibu na bahari, Kigamboni kwa mfano, tazama pia unga mweupe juu ya ukuta, kwa sababu mchanga wenye chumvi ukishaingia kwenye tofali hakuna plasta itakayodumu juu yake, na mpangaji wako ataona rangi ikivimba kabla mwaka haujaisha.

Nyufa zina lugha yake. Ufa mwembamba wima katikati ya ukuta mrefu mara nyingi hauna hatari. Ufa unaopanda kwa ngazi kutoka kona ya dirisha, ulio mpana juu kuliko chini, unaeleza kwamba kona ya nyumba inazama. Kama udongo wa pale ni ule wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, chimba shimo dogo kando ya msingi uone umeshuka kiasi gani na umekaa juu ya nini. Muuzaji akikukatalia kuchimba, shukuru na uondoke.

Jambo ambalo wakandarasi wenzangu hulisahau, labda kwa sababu mteja hatuulizi, ni maji taka. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye wapangaji wanne kinahitaji shimo la kutosha na mahali pa maji kunywea, na penye maji ya chini yaliyo karibu shimo hujaa kabla hujamaliza kulilipia. Simama pale unapofikiria kuliweka, kisha tembea hadi barabarani ukihesabu hatua. Gari la kunyonya linaweza kufika? Mpira wake utafika? Ikiwa njia ni ya bodaboda tu, utapangisha kwa bei ya chini milele, na mvua ya kwanza itakugombanisha na mtaa mzima.

Umbali wa nguzo ya TANESCO na bomba la DAWASA uuandike kwenye daftari pamoja na hayo mengine, kwa sababu nyumba inayohitaji nguzo tatu za ziada ni nyumba nyingine kibajeti.

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue mfano, ambao namba zake ni za kueleweshana tu. Boma lina sehemu nne za chumba, sebule na choo ndani, na linauzwa shilingi milioni 30. Wakili, upekuzi, uthamini, ushuru wa stempu wa asilimia 1, ada za uhamisho na kibali cha ujenzi vinakula milioni 1.7. Vifaa vya kumalizia, kuanzia mbao za kupaulia hadi vitasa, ni milioni 25. Ujira ni milioni 8.3. Jumla ni milioni 65.

Kila sehemu ikipangishwa kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, mwaka unaleta milioni 7.2. Mkandarasi mwenye mazoea yangu ya zamani hauhesabu ujira kwa kuwa mafundi ni wake, kwa hiyo anagawanya 7.2 kwa 56.7 na kujiambia kwamba anapata asilimia 12.7. Sasa tufanye hesabu ya mgeni. Weka mwezi mmoja mtupu kwa kila sehemu kila mwaka, na makusanyo yanabaki milioni 6.6. Toa kodi ya zuio ya asilimia 10 inayokatwa kwenye pango, yaani 660,000. Toa 600,000 za matengenezo, 300,000 za kunyonya shimo na umeme wa taa za nje, na 100,000 za kodi ya jengo na pango la ardhi. Kodi ya jengo, kama ujuavyo, tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kinachobaki ni shilingi milioni 4.94. Ukiigawanya kwa 65, unapata asilimia 7.6.

Asilimia 7.6 ni namba ya kukaa nayo kimya kidogo. Hatifungani za Serikali za muda mrefu, ambazo ni kuikopesha Serikali kwa riba, zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, wala hazina vyoo vya kuziba. Kwa hiyo pango peke yake halitoshi kuitetea nyumba. Kinachoitetea ni thamani iliyoongezwa kwa kulimalizia boma, na kupanda kwa thamani ya ardhi, ambako hakuna anayeweza kukuahidi. Ndiyo maana nina kipimo kimoja ambacho nimekataa kukilegeza: sinunui ikiwa nyumba za namna ile zilizokamilika katika mtaa ule haziuzwi kwa angalau asilimia 20 zaidi ya gharama yangu yote, ujira ukiwemo kwa bei ya soko. Katika mfano wetu, nyumba iliyokamilika lazima iwe na soko la milioni 78. Ikiwa inauzwa 70, basi boma lile linastahili bei ndogo kuliko 30, au linastahili mnunuzi mwingine.

Hesabu hiyo hiyo inajibu swali la mkopo. Riba za mikopo ya nyumba katika mabenki yetu kwa miaka ya karibuni zimekuwa kati ya asilimia 15 na 19. Deni la milioni 30 kwa asilimia 17 linadai riba ya takriban milioni 5.1 kwa mwaka kabla hujapunguza deni lenyewe, na nyumba nzima inakupa 4.94. Mpangaji hawezi kukulipia mkopo huo. Utaulipa kutokana na kazi za ukandarasi, ambazo mwaka mwingine zipo na mwaka mwingine hazipo. Mkopo mfupi wa kumalizia, unaojua utaulipa kwa fedha gani na mwezi gani, unaweza kuwa na busara. Mkopo mrefu wa kuanzia, kwa mtu ambaye mapato yake hupanda na kushuka kama yetu, siupendekezi.

Tunza risiti zote za kodi, zile za mashine ya EFD. Mkazi anapouza nyumba hulipa kodi ya asilimia 10 ya ongezeko la thamani, na ongezeko hilo ni tofauti kati ya bei ya kuuza na gharama unazoweza kuzithibitisha. Saruji uliyoinunua bila risiti kwa kupunguziwa shilingi mia tano, mbele ya mamlaka ya mapato, TRA, haikununuliwa kamwe. Ukianza kumalizia na kuuza mfululizo, fahamu pia kwamba faida inaweza kuhesabiwa kuwa mapato ya biashara, ambayo hutozwa kwa utaratibu mwingine, na hapo mhasibu atakuwa amejilipia ada yake.

Kumalizia kana kwamba ni ya mteja

Nyumba ya mkandarasi ndiyo huchelewa kuliko zote. Kila mteja anapopiga simu kulalamika, mafundi huondolewa pale kwako na kupelekwa kwake, na wewe hujilalamikii. Katika mfano wetu kila mwezi wa kuchelewa ni shilingi 600,000 zisizorudi. Andaa jedwali la vipimo na gharama, ile BOQ yetu ya kila siku, pamoja na ratiba yenye tarehe, na uteue msimamizi ambaye hatahamishwa. Mafundi walipwe kutoka akaunti ya uwekezaji kwa bei wanayolipwa kwa wateja. Kibali cha halmashauri kihuishwe ikiwa cha awali kimeisha muda, na mradi usajiliwe kama unavyosajili kazi nyingine yoyote. Mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi anayekamatwa akijenga kwake bila kibali hana cha kujitetea.

Katika kumalizia, fikiria mtu atakayesafisha na kurekebisha, usifikirie picha. Marumaru ziwe za aina moja nyumba nzima, na weka boksi mbili kando, kwa sababu aina hiyo haitakuwepo sokoni miaka mitatu ijayo. Mabomba yapite mahali panapofikika bila kuvunja ukuta. Kila sehemu iwe na mita yake ya umeme na mita yake ndogo ya maji. Gharama yake itakuuma mara moja, ilhali ugomvi wa wapangaji wanaochangia LUKU moja, ambamo mmoja ana friji na mwingine ana balbu mbili, hauna mwisho. Dari ya jipsamu yenye mapambo ya taa za rangi iache kwa nyumba ya kuishi mwenyewe. Fedha hiyo weka kwenye bati la geji nzito na matundu mazuri ya hewa, kwa kuwa joto la Dar es Salaam ndilo humhamisha mpangaji mwezi wa Februari.

Mpangaji wa kwanza

Dalali atakuletea mtu siku rangi bado haijakauka, akiwa na kodi ya miezi sita mkononi. Desturi hiyo ya kulipwa kwa mkupuo inakufaa, lakini fedha yote usiitumie. Gawa kwa miezi na uichukue kidogo kidogo, la sivyo mwezi wa nne utaikuta nyumba imejaa watu na akaunti imebaki tupu. Mkataba uandikwe, hata kama mpangaji ni mtoto wa shangazi. Kabla ya kumkabidhi funguo, zungukeni pamoja na daftari: fungueni kila bomba, vuteni maji ya choo, washeni kila swichi, andikeni namba ya mita ya umeme na ya maji, kisha wote wawili msaini ukurasa huo. Mara nyingi atakuonyesha kasoro ambayo fundi wako aliificha.

Mpe namba ya simu ya fundi mmoja wa mabomba na mmoja wa umeme, na uwaagize wakuletee ankara wewe. Katika daftari la nyumba andika kila tengenezo, tarehe na gharama, ili mwishoni mwa mwaka zile 600,000 za makadirio zipambanishwe na kilichotumika kweli. Masika ya kwanza yakianza, nenda siku ya mvua kubwa, panda ndani ya dari na tochi, uone kama kuna mahali panapovuja, kisha zunguka nje uone maji yanaelekea wapi. Mwaka mmoja kamili ukipita, na asilimia uliyoikadiria ikionekana kwenye taarifa ya benki, hapo unaweza kumpigia dalali kuulizia boma la pili.